Bastola kiunoni: risasi ikae chemba, au chemba iwe tupu?

Mtu_wa_Tudor

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wengine habari zenu. Cheti changu cha silaha kimetoka na sasa nachagua kati ya Glock 19 na Ceska, ile CZ 75 B. Kabla sijalipa nataka jambo moja nilielewe: nikiibeba kiunoni chini ya shati, risasi iwe tayari chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamofyatukia), au magazini (kasha la risasi ndani ya mpini) ijae na chemba iwe tupu, nikoki nikihitaji, yaani niivute nyuma slaidi, kile chuma cha juu, na kuiachia ipeleke risasi chemba?

Nimeshauliza watu wawili wanaojua silaha na majibu yao yanapingana. Hali yangu ni hii: kazi iko upande wa Kilindini, zamu nyingine hutoka usiku, siku nyingine naendesha na siku nyingine napanda tuktuk. Ijumaa navaa kanzu. Nyumbani kuna watoto wawili, mkubwa ana miaka sita. Holsta (mfuko wa kubebea bastola) niliyonayo ni ya ngozi laini, ya kuvaliwa ndani ya suruali. Naomba sababu, misimamo nimeshaipata ya kutosha.

Fundi_Kongowea

Waaleikum salaam. Chemba iache kidogo, anza na bastola yenyewe, maana hizo mbili hazifanani ndani.

Glock haina seifti ya kidole gumba, yaani swichi ya kuizuia isifyatuke. Ina vizuizi vitatu vinavyofunguka kimoja baada ya kingine unapovuta triga: kile kilimi kidogo kwenye uso wa triga, kizuizi cha pini ya kufyatulia, na kizuizi cha kuanguka. Ikidondoka sakafuni na risasi iko chemba, pini haifiki kwenye praima (kidonge cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti), mradi vipande ni vya kiwandani na hakuna aliyevipiga tupa ili triga iwe nyepesi. Lakini triga yenyewe huvutika kwa kama kilo mbili na nusu, na safari yake ni kama milimita 12 tu. Chochote kitakachoingia ndani ya kikingio cha triga (ile pete inayoizunguka triga) na kusukuma kiasi hicho, kiwe kidole, pindo la shati au kamba ya jaketi, risasi inatoka.

CZ 75 B ni habari nyingine. Ile B inamaanisha ina kizuizi cha pini. CZ 75 za mwanzo zisizo na B hazina, kwa hivyo ukiuziwa ya mkono wa pili soma maandishi ya ubavuni kabla ya kutoa pesa. Ikiwa na risasi chemba hubebwa kwa njia mbili. Ya kwanza, nyundo (kidude cha nyuma kinachoigonga pini) iko nyuma na seifti imepandishwa. Seifti ya modeli hii hupanda nyundo ikiwa nyuma tu. Ya pili, nyundo imeshushwa, na mvuto wa kwanza wa triga unakuwa mrefu na mzito, zaidi ya kilo nne. Kuibeba hivyo ni salama. Taabu ni kufika hapo: kuishusha nyundo ni lazima uishike kwa gumba kisha uvute triga, na huko kuvuta triga ndiko kunakokiinua kizuizi cha pini. Gumba likiwa na jasho, na Mombasa hii lini halina, nyundo inaponyoka na risasi inatoka. Anayetaka kubeba nyundo ikiwa chini atafute CZ 75 BD, yenye swichi ya kuishusha nyundo bila kugusa triga.

Jibu la kifundi basi: bastola ya kisasa, nzima, yenye kizuizi cha pini, inaweza kukaa na risasi chemba miaka na isijifyatue. Lakini uliza modeli kwa modeli, usilichukulie neno "kisasa" kuwa dhamana. SIG P320 ni ya kisasa, na mwaka 2017 kiwanda kilitangaza kuzifanyia marekebisho baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka.

Na hiyo holsta ya ngozi laini usiitumie kwa bastola yenye risasi chemba, tafadhali sana. Ngozi ikinywa jasho la hapa miezi kadhaa hulegea. Bastola ikitoka, mdomo wa holsta unalala. Ukiirudisha, ule ukingo uliokunjika unaingia ndani ya kikingio cha triga, nawe unasukuma bastola chini huku ngozi ikiivuta triga. Kipimo ni rahisi. Chukua holsta tupu, ibane kwa vidole viwili pale triga inapokaa. Ikibonyea, haifai. Tafuta ya plastiki ngumu iliyokandwa kwa umbo la bastola hiyohiyo, au ngozi nene yenye chuma mdomoni, na ifunike kikingio cha triga chote, pande zote mbili.

Shabaha_Kisauni

Namuunga mkono fundi, nami naongeza kwa nini naona risasi iwe chemba.

Kukoki kunataka mikono miwili. Shambulio analoogopa mtu wa kawaida mjini kwetu ni la karibu: mtu wa panga anayetokea kichochoroni, au mlango wa gari kufunguliwa ukisubiri geti. Kwa umbali huo mkono wa kushoto una kazi tayari. Unamzuia mtu, unamsukuma mtoto nyuma yako, au umeshajeruhiwa. Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City kule Marekani, alionyesha mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani mita sita na kidogo, kwa kama sekunde moja na nusu. Huo ndio muda anaouhitaji mtu aliyefunzwa kutoa bastola na kufyatua ikiwa iko tayari. Ongeza kukoki, na kwa aliyezoea umeongeza kama nusu sekunde.

Hata hiyo nusu sekunde si shida kubwa kama kukoki vibaya. Mtu aliyetaharuki huisindikiza slaidi kwa mkono badala ya kuiachia, springi inakosa nguvu, na risasi inasimama nusu njia. Au huivuta kidogo tu: slaidi inarudi bila kuokota risasi, naye anavuta triga anasikia "tik". Au huvuta mara mbili kwa hofu na kuirusha chini risasi nzima. Na Ceska ina udhaifu wake hapa, kwa sababu slaidi yake hupita ndani ya fremu (mwili wa chini wa bastola) na sehemu ya kushika ni nyembamba. Paka mikono mafuta ya nazi ujaribu kuikoki, utanielewa.

Ndani ya gari ni vibaya zaidi. Usukani uko mbele, mkanda umekukata kifuani, na ukikoki hapo mtutu unapita juu ya mapaja yako au ya aliye kando yako.

Lakini usihame leo kwenda risasi chemba. Nunua holsta, kisha fanya jaribio hili nyumbani. Chemba tupu, magazini tupu, risasi zote ziko chumba kingine. Ikoki Glock hivyohivyo tupu, triga itakaa mbele. Itie kwenye holsta, ivae kutwa: inama, funga kamba za viatu, kaa kwenye tuktuk, panda ngazi, beba mtoto. Jioni itazame triga. Ikiwa bado iko mbele, hakuna kilichoivuta. Ikiwa imelala nyuma, kuna kitu kimeivuta, na kama kungekuwa na risasi ingekuwa iko kwenye paja lako. Fanya wiki mbili mfululizo. Kwa Ceska utatazama mambo mawili: nyundo bado iko nyuma? Na seifti, imebaki juu au imesuguliwa na mkanda ikashuka? Hilo la pili hutokea mno kwa wanaoibeba kwenye holsta isiyofunika seifti.

Mzee_wa_Likoni

Wanangu, mmesema vizuri, ila chemba tupu nayo ina mahali pake. Msiifanye kama ni woga.

Yuko mtu mwenye bastola ya zamani isiyo na kizuizi cha pini. Yuko asiyepata holsta nzuri bado. Yuko anayepiga shabaha mara moja kwa mwaka. Hao watatu nawaambia chemba tupu, na sitaona haya. Hii ndiyo wengine huiita njia ya Waisraeli, kwa sababu huko ilifundishwa miaka mingi kwa watu waliokuwa na bastola za kila aina, ili kuwe na utaratibu mmoja unaofaa zote. Lakini wale walirudia kukoki hadi mkono ukazoea wenyewe. Mtu wa hapa huchukua ile chemba tupu, yale mazoezi akayaacha.

Ukichagua chemba tupu, koki hivi: bastola imetoka, mtutu unaelekea mbele wala si ubavuni, kidole kimenyooka juu ya fremu. Mkono wa kushoto unaifunika slaidi kwa juu, nyuma ya tundu linalotema maganda, vidole vinne upande mmoja na kiganja upande wa pili. Mkono wa kulia unasukuma mbele wakati wa kushoto unavuta nyuma, mpaka mwisho, kisha unaachia kabisa. Usiisindikize. Fanya kwa risasi bandia, dakika kumi kila siku, na ujue pia kukoki kwa mkono mmoja: ule ukingo wa shabaha ya nyuma (kidude cha kulengea kilicho juu ya slaidi) unakwamishwa kwenye mkanda wa suruali na kusukumwa chini kwa nguvu. Shabaha yenye mteremko laini haikwami, kwa hivyo itazame unaponunua.

Kitu nisichokubali hata kidogo ni kuchanganya. Leo risasi chemba kwa sababu unatoka usiku, kesho tupu kwa sababu ni Jumapili. Siku ya haja utakuwa hujui mkononi una nini. Na kila unapobadilisha unaishika bastola, unaikoki, unatoa magazini, unarudisha. Risasi za bahati mbaya nyingi hutoka kwenye shughuli hizo za kujaza na kutoa. Bastola iliyotulia ndani ya holsta ngumu haina neno.

Mtu_wa_Tudor

Ahsanteni sana, mzee wangu na wenzangu. Holsta ya ngozi nimeshaitoa hesabuni, na nimeelekea Glock. Yamebaki mawili. Jioni nikifika nyumbani, niitoe ile risasi chemba kila siku kwa sababu ya watoto? Na kanzu nayo?

Bi_Nyali

Kaka, kwa watoto usitegemee chemba kabisa. Ni kweli mtoto wa miaka sita hana nguvu ya kuvuta slaidi, lakini wa miaka kumi anayo, na wa miaka sita huegemeza kitu ukutani akasukuma kwa mwili wote. Kinachomzuia mtoto ni sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Kabatini juu, chini ya godoro, ndani ya sanduku la nguo: watoto wanapajua kote huko kabla yako.

Jioni, bastola isitoke kwenye holsta. Ivue holsta pamoja na bastola yake, triga ikiwa imefunikwa, zitie zote mbili ndani ya sefu, funga. Asubuhi zichukue zote mbili, vaa. Kwa utaratibu huo hukoki wala hutoi risasi, na mkono haufiki kwenye triga hata mara moja. Holsta za klipu zinaruhusu hivyo. Za kupitisha mkanda ndani yake zinasumbua, na mtu akisumbuka huanza kuichomoa bastola peke yake. Kwa hiyo nunua ya klipu imara.

Siku unayolazimika kuitoa risasi, kwa kusafisha au kuikabidhi, mpangilio ni huu na haugeuzwi: kidole nje ya triga, mtutu mahali salama, magazini kwanza, kisha vuta slaidi risasi idondoke, vuta tena, ifunge slaidi nyuma, tazama chemba, ingiza ncha ya kidole cha mwisho uipapase. Anayevuta slaidi kwanza kisha akatoa magazini, chemba imejaa tena nyuma yake naye anaamini iko tupu. Kwa Glock hilo ni hatari maradufu, kwa kuwa huwezi kuifungua kuisafisha bila kuvuta triga.

"Mahali salama" ndani ya fleti ni pagumu, kwani juu wanaishi watu na chini wanaishi watu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu inatosha: mtutu unaelekea chini katikati ya mchanga, usiuzamishe. Mchanga wa kuchekecha, kokoto zisiwemo, maana kokoto hurusha vipande.

Na kwa akina dada wanaosoma: kuibeba ndani ya mkoba chini ya buibui au begani ndiko nisikokupendekeza kabisa. Mkoba ndio wa kwanza kunyakuliwa na mtu wa pikipiki. Ukilazimika, mkoba wenye mfuko wake wa peke yake, holsta ngumu ndani ya mfuko huo, na humo kusiingie kitu kingine. Funguo na kalamu ndivyo vinavyovuta triga.

Fundi_Kongowea

Bi Nyali amenipunguzia kazi. Iko sababu nyingine ya kutoitoa risasi kila jioni. Risasi ileile ikiingizwa chemba tena na tena, kila slaidi inapoifuata inagonga mlango wa chemba, na ile ncha inasukumwa taratibu ndani ya ganda lake. Nafasi ya baruti inapungua, na ukiipiga shinikizo linapanda kuliko bastola ilivyopangiwa. Kwa milimita 9 kikomo cha kawaida cha shinikizo ni megapaskali 235, na ncha iliyozama inaweza kukipita.

Hapa kwetu tatizo hili ni la kweli, kwa sababu cheti kinaandika idadi ya risasi unazoruhusiwa, nazo ni ghali, basi mtu anaona aikoki hiyohiyo moja mwaka mzima. Isimamishe juu ya kioo pamoja na mpya za boksi lilelile, uweke rula bapa juu yake. Rula ikiinama, risasi imefupika. Mwenye kalipa (kifaa cha kupimia vitu vidogo) apime: risasi ya milimita 9 haizidi milimita 29.69, lakini la maana ni tofauti na wenzake wa boksi. Ikipungua nusu milimita, itoe kabisa kwenye matumizi. Tazama pia ukingo wa ganda kama umeng'atwa na ukucha wa slaidi unaoivuta risasi kutoka chemba.

Na usiitie risasi chemba kwa vidole kisha ukaiachia slaidi juu yake. Bastola nyingi, ukucha wake umeundwa kupokea risasi inayopanda kutoka magazini. Kuulazimisha uruke juu ya ukingo hukata ncha yake. Jaza kutoka magazini, kisha toa magazini, ongeza risasi moja, rudisha, na uivute kidogo uhakikishe imeshika.

Chumvi. Anayebeba mwilini hapa apanguse slaidi kila jioni kwa kitambaa kikavu ikiwa ndani ya holsta, na mara moja kwa wiki aifungue. Kutu huanza chini ya shabaha ya nyuma na kwenye springi ya magazini. Mafuta tone moja kila reli, chemba na uso wa pini viwe vikavu, kwa sababu mafuta yakipenya kwenye praima risasi inakataa, na utaligundua siku usiyoitaka.

Shabaha_Kisauni

La kanzu. Kanzu haifunguki mbele, basi kuifikia bastola ni lazima mkono wa kushoto uikusanye na kuipandisha hadi kiunoni na kuishikilia hapo. Mkono huo ukiachia ili ukoki, kanzu inaanguka juu ya bastola. Yaani chemba tupu na kanzu havikai pamoja. Na risasi chemba nayo ina shida yake: ukirudisha bastola, kitambaa chepesi ndicho kinachoingia kwenye holsta. Hakuna sababu ya kuirudisha kwa haraka. Simama, kusanya kitambaa chote juu ya kitovu, tazama mdomo wa holsta kwa macho, ingiza polepole, na ukisikia kinzani yoyote simama, toa, tazama tena. Kwa Ceska, gumba likae nyuma ya nyundo wakati inaingia. Nyundo ikianza kujongea utaisikia.

Halafu kuna rukuu na sijida. Holsta yenye klipu moja huinama nawe, na bastola isiyobanwa vizuri huteleza ikatoka mbele ya safu nzima. Ikidondoka, usiidake. Mkono unaodaka hufunga vidole kwenye triga. Iache ifike chini. Msimamo wangu kwa Ijumaa: iache ndani ya sefu, nenda ukaswali.

Vilevile kwa benki, mahakama, na maduka makubwa ya Nyali ambako mlinzi atakwambia silaha haiingii. Kosa ninaloliogopa ni mtu kuanza kutoa risasi chemba juu ya kiti cha gari, kwenye maegesho, watu wanapita nyuma, jasho latiririka, ana haraka. Ratiba ya siku ikiwa na mahali kama hapo, usitoke nayo.

Ukisimamishwa na polisi, mikono juu ya usukani, taa ya ndani iwashe, useme una silaha yenye cheti na iko upande gani, usubiri kuambiwa. Akikuomba uitoe, mwambie mapema kwamba risasi iko chemba.

Mzee_wa_Likoni

Nyongeza ya sheria, kwa sababu wengi wanadhani cheti ni ruhusa ya kupiga. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 17, inapima kujitetea kwa misingi ya sheria ya Uingereza iitwayo common law: hatari iwe ya kweli machoni pako wakati ule, na nguvu uliyotumia ilingane nayo. Mwizi anayekimbia na simu yako hajakuruhusu chochote. Na risasi iliyotoka kwa bahati mbaya sokoni Kongowea haina utetezi huo kabisa, chemba ilikuwa imejaa kwa hekima au kwa uzembe, kwa sababu hukuwa unajitetea dhidi ya yeyote.

Mtu wa Tudor, ukishanunua hiyo Glock, usiibebe siku hiyohiyo. Nenda uwanja wa shabaha na holsta mpya, umwombe mwalimu akutazame ukiitoa na kuirudisha ikiwa tupu mpaka aridhike, kisha ndipo umuulize yeye kama mkono wako umefika pa kubeba risasi chemba.